Maziwa ya Maka

Fyo, fyo, fyo. Niliisikia sauti hiyo kabla sijaona uso wa mtu. Ilikuwa mchana, nami nimesimama ukumbini kwa Maka, viatu nimeviacha mlangoni, nikadhani nyuma ya pazia kuna mtu anajaza upepo gurudumu la baiskeli. Nikapiga hodi. Sauti ikakatika. Nikapiga hodi tena, nikafunua pazia, nikamkuta Maka ameketi mkekani, kanga imemshuka mabegani, amebandika pampu ya kukamulia maziwa kwenye titi ambalo halijawahi kunyonywa na mtoto.

"Bi Tima, usinicheke," alisema.

Sikumcheka. Nilimwambia tu kwamba ameishika juu chini.

Nyinyi mnaoanza sasa kazi ya ukunga mmenitaka niwaeleze yangu ilikuwaje. Mtaniwia radhi nisipofuata miaka, maana miaka yangu yenyewe haikukaa kwenye mstari. Nilianza kisiwani Chovai nikiwa msichana, nikambebea maji mkunga wa huko. Nikakimbia vita na waliokimbia. Nikazalisha ndani ya mahema ya kambini Kenya, nikakaa Mombasa, nikarudi Kismayu nywele zimegeuka pamba, nikamalizia kazi kwenye kituo kidogo cha uzazi nyuma ya soko. Nikijaribu kuyapanga hayo yote yananiponyoka mkononi kama samaki mbichi. Basi nitawasimulia habari ya Maka, na mengine yatapita njiani.

Maka alikuwa fundi cherehani. Mumewe, Athmani, alikuwa akiuza barafu kwa wavuvi bandarini. Walioana vijana, wakakaa miaka mingi bila mtoto, wakapima hapa na Mombasa, wakachoka kupima. Kisha akatokea Rehema. Huyu alikuwa mjane wa Chovai, mumewe Omari alifariki kwa maradhi na kumwachia watoto watatu na mimba. Wakati wa ugonjwa ule Omari aliuguzwa Kismayu, nyumbani kwa Maka, na Maka ndiye aliyempikia mpaka siku ya mwisho. Kaka yake Rehema aliyeko Mombasa alisema atamchukua yeye na watoto wake baada ya kuzaa. Rehema alikaa na mawazo yake, halafu akaja mwenyewe kwa Maka, bila kutumwa na mtu, akamwambia kwamba huyu aliye tumboni, akizaliwa salama, angependa alelewe katika nyumba hii.

Ndiyo maana ya ile pampu. Mtoto alikuwa bado hajazaliwa, na Maka alikuwa ameshaanza kuyaita maziwa.

Labda mnauliza kwa nini ajitaabishe hivyo, na maziwa ya kopo yamejaa madukani. Kopo linashibisha tumbo, sina ugomvi nalo, nimelitumia mara nyingi. Lakini sisi Waislamu tuna jambo letu. Mtoto wa kulea hubaki na jina la babake. Huyu angekuwa binti Omari au bin Omari mpaka kufa kwake, wala Athmani hakutaka kulibadilisha. Sasa, akiwa wa kike, akavunja ungo ndani ya nyumba ya Athmani, Athmani atakuwa nani kwake? Mwanamume wa kando. Itabidi ajifunike mbele yake, asikae naye peke yao chumbani, yeye aliyembeba mabegani tangu mchanga. Kinachoiondoa hali hiyo ni maziwa. Mwanamke akimnyonyesha mtoto huyo mara tano, kila mara akaacha mwenyewe kwa kushiba, anakuwa mamake wa kunyonya, na mume wa mwanamke huyo anakuwa maharimu yake. Mtoto anatembea nyumbani kichwa wazi, kama wa kuzaliwa.

Mkunga aliyenifundisha, Bi Kale wa Chovai, hakujua kusoma hata herufi moja, lakini katika jambo la maziwa alikuwa mkali kuliko kadhi. Visiwani wanawake hunyonyesheana watoto bila kufikiri: huyu kaenda kisimani, huyu ana homa, mtoto analia, mpe titi. Bi Kale alikuwa akiona hivyo anapiga makofi uani na kuita: njooni, njooni mwone, fulani anamnyonyesha mwana wa fulani. Wanawake wanaacha sufuria, wanakuja, wanaangalia, wanarudi. Mimi nilikuwa nikiona aibu. Nilimuuliza siku moja kwa nini anatufanya kama tuko sokoni. Akaniambia nitajua.

Nilijua kambini. Mwaka ule tuliokimbia kwa jahazi, chomboni kulikuwa na watoto wachanga wengi, na mama mmoja, Mwanaesha, alikuwa na maziwa ya kutosha. Akanyonyesha kila aliyelia karibu yake. Nani angepiga makofi mle? Miaka ikapita, kijana mmoja na msichana mmoja wa chombo kile wakachumbiana. Siku ya harusi pilau iko motoni, Mwanaesha akaja, alikuwa akiishi kambi nyingine, akamtazama bibi harusi, akauliza ni mtoto wa nani, akamtazama bwana harusi, akauliza tena. Kisha akakaa chini. Shehe akataka kujua aliwanyonyesha mara ngapi, na nani aliona. Waliokuwa wameona walikuwa wametawanyika Ulaya. Adhuhuri mpaka alasiri watu walipiga simu, wakanunua salio na kupiga tena, mpaka bibi mmoja, kwa sauti inayokatikakatika, akakumbuka yote. Walikuwa ndugu wa kunyonya; harusi ikavunjika. Pilau ililiwa. Bwana harusi naye alikula, huku machozi yakimdondokea kwenye sahani.

Tangu siku hiyo na mimi nikawa napiga makofi.

Turudi kwa Maka. Kumletea maziwa mwanamke asiyezaa si uchawi, na si jambo la hakika pia, msimwahidi mtu. Titi linatii kinachoombwa kwake. Likivutwa mara nyingi, mchana kutwa, siku baada ya siku, linaanza kuamini kwamba mtoto yupo. Bi Kale alikuwa akilikanda kwa mafuta ya simsim ya vuguvugu, kutoka kwapani kuja kwenye chuchu, kwa tumbo la vidole, si kwa kucha. Siku hizi kuna pampu na kuna dawa za daktari, nami nilimpeleka Maka kwa daktari kwanza, akampima moyo na damu. Mafuta sikuyaacha. Na uwatu, kijiko kwenye uji asubuhi na jioni.

Hapo Maka akaongeza yake. Aliona kama kijiko kinasaidia, bakuli litasaidia zaidi. Kwa wiki nzima jasho lake lilinuka mchuzi. Athmani alinijia kituoni, mtu mzito, mpole, akazungukazunguka maneno, mwisho akasema haelewi, akilala anaota yuko dukani kwa Mhindi. Nikamrudisha Maka kwenye kijiko.

Athmani naye alikuwa na maandalizi yake. Alichukua sanduku lake moja la barafu, akalisugua, akalipiga rangi, akalitia godoro, akasema ni kitanda cha mtoto. Dadake, Zena, akachungulia ndani akauliza, "Tunangoja mtoto au tunangoja kolekole?"

Zena huyo mumwangalie vizuri. Alikuwa mkubwa kwa Athmani, anakaa mtaa wa pili, mwenye mtoto wa sita kifuani na maziwa yanayolowesha nguo. Kila akija alileta chakula: supu ya samaki, anjera, uji wa mtama. Na kila akija alileta ulimi wake. Alimwona Maka na pampu akasema, "Wifi, hata bomba la manispaa halitoki kwa kubembelezwa." Maka alicheka, kwa kuwa lilikuwa la kuchekesha, kisha Zena alipotoka akalia.

Maana chini ya mzaha kulikuwa na jambo. Zena angeweza kulimaliza suala lote kwa siku mbili. Akimnyonyesha mtoto yeye, mtoto anakuwa mwanawe wa kunyonya, na Athmani anakuwa mjomba wake, maharimu. Nyumba inafunguka. Athmani alilipenda wazo hilo. Alitaka usalama, hakujali umetoka titi gani. Lakini katika hesabu hiyo Maka anakuwa nani? Mke wa mjomba. Mtoto akiugua, akiolewa, akikosana na mtu, wa kuulizwa ni Zena, na Zena si mtu wa kuulizwa akanyamaza. Maka aliniambia hivi, uzi wa cherehani ukiwa mdomoni: "Nimeshonea wana wa watu nguo za Idi miaka yote. Huyu sitaki nimshonee tu."

Wakakubaliana, mume na mke na wifi, kwamba Maka ajaribu mpaka Rehema amalize arobaini yake ya uzazi na kuondoka. Maziwa yasipokuja, mtoto anapewa Zena.

Rehema alizalia kituoni kwetu, asubuhi, bila shida. Msichana. Muuguzi kijana aliyekuwa nami, Msomali, mwenye kuniita eedo kama shangazi yake, alitaka kumweka mtoto kifuani kwa mamake kama alivyofundishwa, na alifundishwa vyema. Rehema akageuza uso. Alikuwa amenieleza kabla: akimnyonyesha hataweza kumwacha. Kisha, baada ya muda, akanyoosha mikono mwenyewe, akampokea, akamshika. Akamshika muda mrefu sana. Maka alikuwa kwenye baraza, aliona kupitia dirishani, na hakuingia.

Wiki ile ya kuzaa pampu ilikuwa imeanza kumtolea Maka matone, meupe, ya kufunika ukucha. Siku ile yakakauka. Mtaona hili katika kazi yenu: hofu hufunga maziwa haraka kuliko njaa. Usimpe mama wa namna hiyo dawa nyingine. Kaa naye. Mpe maji. Mzungumzishe habari za nguo.

Rehema alimpa mtoto jina, Mwanahawa, kisha akaniita akasema nimchukue. Nikamwambia sawa, lakini kuna kitu mtoto huyu anakihitaji ambacho duka halina: dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, mazito. Si lazima amweke kifuani. Nikamwonyesha kukamua kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa. Akakamua huku akitazama ukuta.

Sasa sikilizeni ufundi. Zamani, mtoto akinyonya titi lisilo kitu, Bi Kale alikuwa akidondoshea maziwa juu ya titi kwa kitambaa safi, tone, tone, yateremke mpaka mdomoni, mtoto asikate tamaa. Inafaa, lakini unalowa mpaka magoti. Kambini nikajifunza mpira mwembamba, ule wa kulishia wachanga wadogo. Ncha moja unaiweka kwenye kikombe cha maziwa, nyingine unaibandika kwa plasta laini sambamba na chuchu. Mtoto akishika titi, anavuta vyote viwili. Anashiba kwa mpira, na titi linavutwa kama inavyotakiwa. Kikombe usikiinue juu, yatammiminikia. Kiweke chini ya usawa wa mdomo wake ili afanye kazi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya nyumbani kwa Maka. Rehema alikaa chumba cha nyuma akitimiza arobaini yake, anakamua, ananipa kikombe mlangoni. Maka alikaa chumba cha mbele, Mwanahawa kifuani, na maziwa ya mama mmoja yakapita juu ya ngozi ya mama mwingine kwenda kwenye mdomo mmoja. Nimezalisha watu wengi, nimeona maajabu ya Mungu ya kila namna, lakini nilipokuwa nikivuka ukumbi ule na kikombe mkononi, kuna siku niliona nikiongea, hata kusema bismillahi kwa sauti, nitakimwaga.

Shehe wa mtaa tulimuuliza. Alisema maziwa ya mpirani hayahesabiwi kwa Maka, hayo ni ya mamake mtoto. Ya Maka yakitoka yanahesabiwa, awe alizaa au hakuzaa, na washuhudie wanawake wanne. Maka akauliza tutajuaje yametoka, ikiwa yanachanganyika. Shehe akanitazama mimi. Nikasema nitajua.

Siku zikaenda. Zena alihesabu kwa sauti. Athmani alikuwa akirudi kutoka bandarini na mikono ya baridi, tukamkataza kumgusa mtoto mpaka aioteshe motoni. Akawa anakaa jikoni ameinyoosha juu ya makaa, anauliza vipi leo, nasi tunamwambia bado. Kuna adhuhuri moja alisimama ukumbini akamwambia mkewe amwache Zena ajaribu, inatosha, ameona anavyoumia. Aliyasema kwa huruma, mnaelewa, si kwa ukali. Maka alinitaka nimbandike mpira upya, ulikuwa umelegea.

Ni katika kuubandika huko nilipoona pindo la kanga yake limelowa upande wa pili, ule ambao mtoto hakuushika.

Nilimtuma Athmani akamwite Zena, na jirani mmoja, na mama yake jirani. Nilimtaka Zena kusudi. Shahada yake hakuna ambaye angeitilia shaka, kwa kuwa kila mtu alijua anachokitaka. Akaja, mtoto wake mgongoni, akauliza nani kafa. Nikamwambia akae, ainamishe sikio karibu na koo la Mwanahawa.

Mtoto anayemeza hutoa sauti ndogo, kh, kh, baada ya kila mvuto au miwili. Asiyemeza anavuta tu, kidevu kinakwenda, koo kimya. Nikamwacha anyonye mpaka akashika mwendo. Kisha nikaubana ule mpira kwa vidole viwili, kwa nguvu, maziwa yakasimama ndani yake. Wote waliona yamesimama. Kidevu cha mtoto kiliendelea. Zena alikuwa ameinama, uso wake karibu kugusa titi la wifi yake. Nilimwona Maka amefumba macho.

"Anameza," Zena akasema. Akainuka, akajifuta uso kwa mtandio. "Anameza kama mtu aliyekaa jangwani. Wifi, hebu mpe na la pili."

Mjue kwamba angeweza kusema hakusikia kitu. Mimi nisingemlazimisha. Tangu saa ile alikuja kila tulipomwita, na ni yeye aliyepiga makofi uani.

Tuliutoa mpira kwa mara zile za kuhesabiwa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja kwa wakati wake, mtoto anaacha mwenyewe, wanawake wanne wanaona. Maziwa hayakuwa mengi. Baadaye alimchanganyia na ya kopo, na hapana aibu katika hilo. Ya tano ikaangukia siku ambayo Rehema anaondoka. Kaka yake alikuwa ameshafika na bajaji nje, wale watoto watatu wa Rehema ndani yake wamebebana na mizigo. Na mama yake jirani alikuwa amekwenda msibani. Tukawa watatu: mimi, Zena, jirani.

Zena alitaka tungoje jioni. Maka akasema tungoje. Mwanahawa akalia, akawa hangoji.

Rehema akatoka chumba cha nyuma, buibui mwilini, mkoba begani. Arobaini nzima hakuwahi kuingia wakati wa kunyonyesha. Alisimama kizingitini akauliza nani amepungua. Tukamwambia. Akaweka mkoba chini, akaja akakaa mkekani kumwelekea Maka, goti kwa goti.

Mtoto alinyonya. Nje dereva wa bajaji alipiga honi mara moja, kaka akamnyamazisha. Rehema aliangalia kama mtu anayesoma, bila kupepesa, toka mwanzo. Mbele ya buibui lake kukaanza kuonekana doa la maji, likapanuka, naye hakulifunika. Mwishowe Mwanahawa akaachia mwenyewe, kichwa kikaanguka nyuma, tone jeupe pembeni mwa mdomo.

Nikasema nimeshuhudia. Jirani akasema. Zena akasema. Akabaki Rehema. Sikumhimiza; mambo mengine mkunga hayatii mkono.

"Nimeona," Rehema akasema. "Ameshiba."

Akamfuta lile tone kwa kidole gumba. Kisha akamuuliza Maka kama akija kumtembelea, Mungu akijalia, atamkuta mtoto anajua yeye ni nani.

"Jina la babake tumeliacha lilivyo," Maka alimjibu. "La mamake nitamfundisha kabla hajajua langu."

Rehema akaitikia kwa kichwa. Nilimpa mtandio wangu ajifunike kifuani, nikamnong'oneza asiyakamue yote, apunguze tu mpaka yakate yenyewe, na kitambaa cha maji baridi yakimuuma. Mkunga ni mkunga, hata saa hiyo. Akaubeba mkoba. Hakumbusu mtoto, kwa kuwa alikuwa ameshalala. Alipotoka, hakumwacha yeyote kati yetu ainuke. Aligeuka, akaushika mlango kwa mikono miwili, akauvuta taratibu kutoka nje, mpaka kitasa kikaingia bila kelele.